Katogo Kwenye Meza ya Kololo

Mlo wa saa tano wa wikendi umekuwa desturi kubwa ya mji wetu wa Kampala. Ibada za mapema zikishamalizika Namirembe na Rubaga, magari huanza kupanda kilima cha Kololo, na kando ya Acacia Avenue hupati pa kuegesha. Watu huketi bustanini chini ya miavuli hadi saa tisa: wachumba, marafiki wa chuo, ndugu waliorudi kutoka Dubai, kina shangazi wanaopanga kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya binti yao. Mimi naupenda mlo huu kwa sababu haumharakishi mtu. Siku za kazi Kampala ni foleni ya magari, na chai unaimaliza ukiwa umeshika funguo.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Mama. Alikuwa amekuja kutoka kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuonana na daktari wa macho, na nilitaka aketi mahali pazuri, ahudumiwe, asiinuke kwenda jikoni. Binti aliyetuhudumia alikunja magoti kumsalimu, kwa heshima ya Kiganda, kisha akampa menyu. Mama akaisoma ukurasa kwa ukurasa. Pankeki. Mayai juu ya mkate wenye parachichi. Soseji. Kahawa ya Bugisu, kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, yenye jibini. Halafu kidole chake kikasimama: katogo ya matumbo, yale yanayopikwa pamoja na ndizi, shilingi 35,000.

"Mwanangu, ni ile ile ya kambini?"

Ni ile ile. Babu yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na Mama alizaliwa na kukulia katika kambi ya Jinja. Kiswahili tunachozungumza nyumbani kilitoka huko, kwa sababu kambini walikaa Walugbara, Waacholi, Wateso na Wasoga mlango kwa mlango. Katogo nayo waliipata huko, kutoka kwa majirani. Ndizi za matoke zilipatikana, nyama ilikuwa ghali, na mchinjaji aliuza matumbo kwa bei ya chini. Wanawake waliyaosha kwa maji mengi, wakayachemsha tangu alfajiri, kisha ndizi zilizomenywa zikaingia sufuria hiyo hiyo pamoja na nyanya na kitunguu. Sufuria moja ililisha nyumba nzima kuanzia asubuhi. Wengine walipika kwa maharage, wengine kwa karanga, lakini Mama hukuambia ya matumbo ndiyo yenyewe.

Wapo watakaoguna wakisikia bei. Kwa mama lishe wa Wandegeya sahani kama hiyo hailipiwi hata robo ya hela hizo, najua. Lakini pankeki ni unga, yai na maziwa, inaiva kwa dakika chache, na sijasikia mtu akilalamika kwamba inauzwa ghali pale pale. Matumbo yana kazi. Kuyafungua, kuyakwangua, kubadilisha maji tena na tena mpaka harufu iondoke, kuyachemsha kwa saa nyingi. Mpishi anayeyafanya haya vizuri anastahili kulipwa vizuri. Luwombo, kitoweo kinachopikwa ndani ya jani la mgomba, uliingia hotelini zamani kwa sababu ulikuwa na heshima ya ikulu, maana husimuliwa kuwa ulianzia jikoni mwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, katika miaka ya 1880. Katogo haina ikulu nyuma yake. Imetoka kwenye nyumba za watu wa kawaida, na kuiona imeandikwa kwenye karatasi nzito kando ya vyakula vya Ulaya kulinifurahisha kweli.

Ikaletwa katika bakuli jeupe, na mboga ya nakati pembeni na vipande vya parachichi. Mama akanusa kwanza. Akala kipande cha utumbo, akatikisa kichwa kukubali: umeoshwa, umeiva, hauvutiki. Akala ndizi. Akanyamaza kidogo.

"Hizi zimepikwa peke yake," akasema. "Zimekutana na supu mwishoni."

Nikaonja, na ni kweli. Ndizi ilikuwa laini lakini ladha ya supu imeishia juu juu. Katogo nzuri ukiikata ndizi, ndani mwake unakuta mchuzi. Hapo ndipo chakula chenyewe kilipo, maana bila hilo ni matumbo na matoke tu kwenye bakuli moja.

Mama hakulalamika. Alimwomba yule binti, kwa upole, kama mpishi anaweza kuja kusalimiwa. Akaja, kijana wa Masaka mwenye aproni safi, na Mama akaanza kwa kuyasifu matumbo aliyopika. Kisha akamuuliza habari za ndizi. Kijana akaeleza bila kujitetea: Jumapili oda zinaingia kwa pamoja, ndizi mbichi zikiwekwa kwenye supu zinachukua muda mrefu, na mteja aliyeagiza mayai kwenye meza hiyo hiyo atakuwa ameshamaliza. Kwa hiyo wanazichemsha mapema, wakati wa kuandaa wanaziunganisha.

"Basi pika sufuria moja kubwa tangu asubuhi," Mama akamwambia. "Ikiiva, tangazeni. Ikiisha, imeisha. Na usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria, ndizi zisivunjike."

Nilimwona yule kijana akifikiri kweli. Mimi namuunga Mama mkono. Watu wanaokaa bustanini kwa muda wa saa nne hawana haraka yoyote, na huu ndio mlo pekee wa wiki ambao mjini tunaweza kusubiri sufuria. Mkahawa wenye jiko zuri na wapishi wa namna hiyo haupaswi kukifupisha chakula chetu ili kiendane na mwendo wa mayai. Kama nafasi imepatikana kwenye menyu, kipikwe kinavyopikwa.

Na nafasi iongezwe. Eshabwe ya Ankole, mchuzi wa samli, malewa ya Wamasaba, machipukizi ya mianzi, malakwang ya Waacholi, mboga chachu, vyote vingeketi vizuri pale juu Kololo. Mama, kabla ya bili kuja, aliuliza kama wana angara, wale samaki wakavu wa kwetu, na enyasa, ugali wetu, ya kulia. Hawana. Yule binti aliandika majina yote mawili kwenye kijitabu chake cha oda, akamwomba amtajie herufi.