Kilengeo cha faiba na vichaka vya Kenai

Niligundua uzi wa faiba, ule wa kulengea, haupo nilipokuwa naifuta bastola mezani. Ilikuwa saa tano usiku, mwezi wa sita, na jua la Anchorage, Alaska, bado liko dirishani kana kwamba ndiyo kwanza alasiri. Nikapitisha kidole juu ya mtutu, nikakuta tundu tupu. Pale palipokuwa na doa jekundu linalowaka kama kaa la sigara, palibaki uwazi na chembe ya tope.

Kwa wageni humu: mimi ni mtu wa Mwanza, nimekulia kwenye sato na sangara, siwezi kukaa mbali na maji. Majira ya joto nashuka Russian River, mto wa huku rasi ya Kenai, kama saa mbili kwa gari, kuvua samoni wekundu. Shida ni kwamba dubu wa kahawia nao wanawajua samaki hao, tena wamewajua kabla yangu. Kwa hiyo natembea na vitu viwili: kopo la pilipili ya kumpulizia dubu, na rivolva, Ruger GP100 ya .357 Magnum, mtutu wa inchi 4.2, uzito kilo moja na ushee. Kopo ndilo la kwanza. Bastola ni ya siku upepo utakaponirudishia pilipili usoni mwenyewe.

Faiba ninayoisema siyo ile ya intaneti, ingawa ni binamu yake. Ile ni kioo, inabeba mwanga kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Hii ya kulengea ni kijiti cha plastiki yenye rangi, unene wa milimita 1 au 1.5, kinachopachikwa kwenye kilengeo cha mbele, yaani kile kipande kinachosimama juu ya ncha ya mtutu. Mwanga wa mchana unaingia ubavuni, rangi inaunyonya na kuutoa upya, kisha unasafiri hadi kwenye ncha inayokutazama. Ndiyo maana inang'aa bila betri. Na ndiyo maana lazima ubavu uachwe wazi: ukiufunika ili usiumie, kijiti kinazimika. Ugonjwa na dawa vinalala kitanda kimoja.

Sasa, vichaka vya alda. Ambaye hajavipita hawezi kunielewa. Matawi yanalala chini kama nyoka halafu yanapinda kwenda juu, yanakushika buti, ndoano, mkanda, kila kitu. Ala yangu ya zamani, ule mfuko wa kuchomekea bastola, ilikuwa wazi upande wa chini, na kilengeo kilikuwa kinachungulia nje kama mtoto mlangoni. Tawi moja tu lilitosha kuking'oa kijiti, nami nikaendelea kuvua nikijiona nina doa jekundu.

Kukirudisha si kazi ya fundi. Unakata kijiti kirefu kidogo kuliko nafasi yake, kwa wembe mkali, siyo koleo, maana koleo linaponda ncha na ncha iliyopondwa haing'ai. Unakipenyeza. Halafu unasogeza kiberiti cha gesi karibu bila kugusisha moto, na plastiki inajikunja yenyewe kuwa kichwa cha uyoga ambacho hakipiti tena tunduni.

"Baba watoto, unachoma nini humo jikoni?"

"Bastola, mama."

Kimya. Kisha mlango wa chumbani ukafungwa.

Mara ya kwanza nilitengeneza uyoga upande mmoja tu, ule wa nyuma, nikadhani yatosha. Upande haukuwa kosa, maana kichwa cha nyuma ndicho kinachozuia kijiti kisitokee mbele. Ila kwa haraka zangu kile kichwa nilikifanya kidogo mno. Kwenye uwanja wa shabaha, risasi ya nne, kijiti kikachomoka. Bastola inaporuka nyuma mkononi, kijiti chenyewe kinataka kubaki pale kilipokuwa, hivyo kinatambaa kuelekea mbele kila risasi. Siku hizi natengeneza vichwa viwili, vinene, na nakijaribu kwa ukucha kabla sijatoka nyumbani.

Adui mwingine sikumtegemea: dawa ya mbu. Mbu wa Alaska wana adabu mbaya kuliko wa kwetu, hawaleti malaria lakini wanakuja kama msiba. Watu tunajipaka DEET hadi viganjani, na DEET inakula baadhi ya plastiki. Chupa yenyewe imeandikwa onyo. Nikashika kilengeo kwa mikono hiyohiyo, na baada ya muda ncha ikapata ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Asetoni ni mbaya zaidi, inayeyusha kabisa. Masizi ya baruti mimi nayatoa kwa kitambaa na maji ya sabuni, basi.

Nilimsimulia mjomba kwa simu. Aliwahi kuwa mgambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hizo taa za harusi mnawekea bunduki za nini? Bunduki inalengewa kwa chuma."

Nilicheka, lakini mzee hakukosea sana. Nilipokata simu nilikiinua kile kilengeo kisicho na uzi, nikaona kipande cheusi cha chuma kimesimama vilevile, kingo zake zimenyooka. Kwa mita kumi unalenga nacho bila taabu. Kama mwili wake ungekuwa wa plastiki, lile tawi lingekwenda na kilengeo chote. Kwangu hapo ndipo uimara ulipo: uzi ni kitu cha kuisha, kama nyuzi za ndoana, na kinachonihusu ni kinachobaki ukishaisha. Ndiyo maana nilinunua kile chenye mwili wa chuma na uzi uliofunguliwa madirisha madogo ubavuni badala ya uzi ulio uchi mwanzo mwisho. Kinang'aa kidogo pungufu. Sawa tu.

Desemba ni habari nyingine. Urefu wa mchana ni kama saa sita tu, plastiki inakuwa kavu na baridi, na alfajiri doa halionekani kabisa kwa sababu hakuna mwanga wa kuingia. Wanaotaka la usiku wananunua kilengeo cha tritiamu, gesi yenye mionzi inayowezesha doa kung'aa gizani, ambayo nayo nguvu yake inapungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Mimi Desemba nakaa ndani na chai. Dubu naye kalala.

Rangi nimebaki na nyekundu. Ya kijani machoni inawaka zaidi, lakini Kenai mwezi wa saba dunia nzima ni kijani.

Ala mpya imezibwa chini na imeshonewa kwa ndani njia ya kilengeo. Kipande cha uzi kilichobaki, kama urefu wa kidole, nimekiweka kwenye kibati kimoja na leseni ya uvuvi, wembe na kiberiti. Mkupuo wa pili wa samoni unaingia katikati ya mwezi wa saba, na shemeji anasema safari hii anakuja na yeye, mradi asibebeshwe ndoo.