Neema watatu, mmoja katupa mgongo

Jumapili, usiku

Neema watatu ni miungu wa kike wa Wagiriki wa kale. Jina lao kwa Kigiriki linatokana na neno kharis, nalo limebeba mambo mengi kwa mpigo: uzuri unaovuta macho, hisani, na shukrani ya aliyetendewa hisani. Ndilo ambalo Biblia ya Kiswahili inaliita neema, na ndilo lililojificha ndani ya Ekaristi. Kwa hiyo kila binti Neema wa Dodoma au Kisumu ni wajina wa miungu hawa, ajue asijue.

Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, anawataja watatu, mabinti wa Zeus na Eurynome: Aglaia ni mng'ao, Euphrosyne ni furaha, Thalia ni kuchanua. Huyu Thalia huchanganywa sana na Thalia wa wale Muse tisa, miungu wa kike wa sanaa. Ukiona kinyago cha vichekesho mkononi, huyo si wetu. Na hata utatu wao haukuwa sheria. Sparta waliwaabudu wawili tu, Kleta na Phaenna. Hephaistos, mungu mhunzi, kilema wa miguu, kwa mshairi Homer ana mke aitwaye Kharis. Kwa Hesiod mke huyo ni Aglaia, kitinda mimba wao. Naipenda ndoa hiyo. Chuma bila mng'ao ni chuma tu.

Leo nguo ndizo zimenikalisha. Huko Orchomenos, mji wa Boeotia nchini Ugiriki, sanamu zao za kale hazikuwa na umbo lolote: yalikuwa mawe yaliyosemekana kuanguka kutoka mbinguni. Wachongaji waliofuata waliwavika. Pausanias, msafiri na mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2 BK, anakiri kwamba alishindwa kumjua aliyewavua wa kwanza. Basi watatu waliovaa wanaweza kuwa ndio, na watatu walio uchi wanaweza wasiwe. Hukumu ya Paris, kisa cha mwana wa mfalme wa Troya aliyeamua nani mzuri zaidi, nayo ina miungu wa kike watatu, na wachoraji wengi wamewavua vilevile. Tazama mikono. Neema wameshikana au wamewekeana mikono mabegani. Wale wa Paris wako mashindanoni, na mara nyingi utamkuta Hera na tausi wake, Athena na kofia yake ya vita.

Mpangilio uliozoeleka, kwenye picha ya ukutani ya Pompeii, mji wa kale wa Warumi, na kwenye kundi la marumaru lililoko Siena, Italia, ni huu: wawili wa pembeni wanatutazama, wa kati katupa mgongo. Mchongaji anapata faida kubwa hapo, kwani mtazamaji anauona mwili mbele na nyuma bila kuhama aliposimama. Wanafalsafa wakaongeza yao. Seneca, Mrumi, anaeleza kwamba mmoja hutoa, mmoja hupokea, mmoja hurudisha, na duara likikatika popote hisani imeharibika. Halafu anamsuta Chrysippus, mwanafalsafa Mgiriki aliyemtangulia, kwa kujaza kitabu ngano kama hizo! Mchoraji Raphael aliufuata mpangilio uleule kwenye ubao wa sentimita 17 hivi kila upande, akampa kila mmoja tufe la dhahabu; unaweza kuufunika kwa kiganja kilichokunjuliwa.

Mchongaji Canova ndiye aliyeuvunja. Kwake wa kati anaelekea mbele, wa pembeni wamemgeukia, vichwa vimekaribiana kama wanaonong'onezana, na shela moja imewapitia wote. Nyuma yao kuna nguzo fupi, na haipo kwa urembo: miili mitatu ya marumaru ni mizito na vifundo vya miguu ni vyembamba. Nguzo hiyohiyo inakusaidia unapotazama picha, maana alichonga matoleo mawili na maelezo huchanganywa. Nguzo ya mraba ni lile la Hermitage, makumbusho ya St Petersburg, Urusi, lililoagizwa na Joséphine, mke wa zamani wa Napoleon, aliyefariki 1814 kabla halijakamilika. Nguzo ya mviringo ni lile la Duke wa Bedford, mtawala wa kikabaila wa Uingereza, ambalo tangu 1994 linamilikiwa kwa pamoja na makumbusho mawili ya London na Edinburgh. Nyumbani kwa Duke liliwekwa juu ya kitako chenye sehemu ya juu inayozunguka. Aliyetaka kuona mgongo alikuwa anasukuma jiwe.