Zangief hadi Platinum: kumbukumbu ya mradi wangu wa polepole

Mradi wenyewe ni huu: kucheza gemu la mapigano la Street Fighter 6 nikitumia mhusika mmoja tu, Zangief, mpaka nifike ngazi ya Platinum, iliyo juu ya Silver na Gold, bila kukimbilia wahusika wengine kama Ken au Cammy mambo yakiwa magumu. Majuzi nimeingia Gold. Naandika yaliyojiri tangu Silver kwa sababu huko ndiko uchezaji wangu ulikogeuka.

Kwa asiyemjua, Zangief ni lile jitu la mieleka kutoka Urusi, lenye ndevu, chupi nyekundu na makovu ya kupigana na dubu. Yupo tangu Street Fighter II ya mwaka 1991, na shughuli yake haijabadilika: anakukamata, anaruka nawe huku akizunguka, kisha anakushindilia kichwa chini. Moto wa kurusha hana. Anatembea kama mtu aliyebeba gunia la mahindi begani. Cha kumfidia ni damu, yaani uhai wake, 11,000 wakati wahusika wengi wana 10,000, na kile kipigo chake ambacho hata ukikikinga haikusaidii.

Mwezi wa tatu: kidole gumba

Kipigo hicho cha kukamata, Screw Piledriver, kinataka uzungushe mshale duara zima halafu ubonyeze ngumi. Anayeanza hukwama palepale: duara lazima lipite juu, na juu ndiko kuruka. Unataka kumbwaga mtu, jitu lako linapaa hewani na kuchapwa likiwa linashuka.

Mambo mawili yamenifungulia njia. Kwanza, gemu halidai duara kamili. Ukianzia mbele, ukapita chini hadi nyuma, ukagusa juu, limehesabika. Pili, ukibonyeza juu mhusika haondoki ardhini papo hapo. Hutumia fremu chache, zile picha moja moja zinazounda mwendo wa gemu, kujikusanya, na ngumi ikiingia ndani ya hizo fremu, kukamata kunashinda kuruka. Kwa hiyo kazi ni ya kuwahi. Wakongwe huficha duara ndani ya kitu kingine: unazungusha ukiwa bado hewani ili ukitua tu umkamate, au unazungusha wakati ngumi yako nyepesi bado inagonga mikono ya aliyekinga.

Nacheza kwa padi ya kawaida, na ngozi ya kidole gumba cha kushoto imekuwa ngumu kama ya mpiga gitaa. Mdogo wangu ananicheka. Yeye yuko kwenye mtindo rahisi wa vitufe uitwao Modern (mimi natumia ule wa kawaida, Classic), ambako Piledriver inatoka kwa kubonyeza mara moja, ila makali yanapungua asilimia 20. Hoja yake ni nzuri kuliko ninavyopenda kukiri mbele yake: Zangief wa Modern anakuja anatembea tu, halafu ghafla umeshabwagwa, hukuona dalili. Lakini mimi nimemchagua jitu hili kwa ajili ya kishindo chake, sasa nikikata sehemu ya tano ya kishindo nimebaki na nini?

Mwezi wa tano: kutembea

Hapa ndipo nimetumia muda mwingi, na ndipo penye utamu.

Gemu linakwenda fremu 60 kwa sekunde. Piledriver inashika ndani ya fremu 5, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna binadamu anayeiona ikija kisha akakwepa. Mpinzani akiwa karibu nami hana budi kubahatisha mapema: aruke, arudi nyuma kwa haraka, au anipige kwanza. Na kila mojawapo ina dawa yake. Nikishambwaga mtu wa Gold mara mbili mfululizo, huanza kuruka kabla sijagusa kitufe. Basi mara ya tatu simkamati. Nasimama, anaruka, nampokea na Double Lariat, kile kipigo cha kuzunguka mikono ikiwa imenyooshwa. Raundi inayofuata anakaa chini na kukinga, akiogopa kuruka, na hapo ndipo namkamata.

Kwa hiyo siku hizi mazoezi yangu mengi hayana kubonyeza. Naingia chumba cha mazoezi, nawasha ule mstari unaoonyesha fremu, natembea mbele na kusimama, mbele na kusimama, nikiyafunza macho yajue mkono wangu unafika wapi. Piledriver nyepesi inafika mbali kuliko nzito, nzito inaumiza zaidi lakini lazima uwe umemganda mtu. Kuichagua kwa jicho, si kwa tamaa, bado kunanishinda raundi za mwisho mapigo ya moyo yakipanda.

Kingine: mtu akishakinga ngumi yako, kuna kitambo kifupi mno ambacho hakamatiki. Ukiwahi, unashika hewa, na Zangief aliyeshika hewa ni nyama ya bure. Lazima usite kidogo. Kusita huko ndiko kunampa nafasi ya kukuchapa, na ndiko kunakomtisha pia.

Halafu kuna zawadi. Drive Impact, ile ngumi ya rangi ambayo wachezaji wa ngazi yangu huitupa hovyo, inavumilia kupigwa lakini haivumilii kukamatwa. Mtu akishikilia Drive Parry, ile kinga maalumu, kwa hofu, akikamatwa humo anaumia zaidi ya kawaida. Vitu viwili ambavyo watu huvikimbilia wakibanwa, vyote ni chakula cha mwanamieleka.

Warusha moto ni habari nyingine. Mmoja wao, Guile, nimeanza kumzoea: nakinga, napiga hatua, nakinga, nampeleka kona taratibu, na akifika kona Sonic Boom zake, yaani moto anaorusha, hazina tena pa kumkimbizia. Nilijifunza uvumilivu huo kwa kutazama mechi za mchezaji wa Japani anayejiita Itabashi Zangief, aliyeshika nafasi ya pili kwenye mashindano ya Street Fighter ya Capcom Cup 2018, mechi nyingi akiwa na Abigail, jitu jingine la aina hiihii. Tazama miguu ya wahusika wake, achana na mikono. Mwingine anayepigana kutoka mbali, JP, simwelezi, maana sina la kueleza. Akinisogeza mbali, nahesabu raundi imekwenda.

Kuhusu mtandao: wapinzani wa karibu ni wachache, bandani kwetu kila mtu anacheza gemu za mpira. Gemu huonyesha ubora wa mtandao wa mpinzani kabla ya kukubali mechi. Chini ya mistari mitatu nakataa, bila kuona haya. Mchezo wa kupimana hatua hauchezeki mtu akiwa anatoweka na kutokea.

Kinachofuata ni Bolshoi Storm Buster, supa (kipigo kikubwa cha akiba) ya ngazi ya tatu, inayotaka maduara mawili. Kwa sasa naitoa nikiwa natua kutoka hewani tu, na wapinzani wameshajua: wakiniona nimeruka na supa imejaa, nao wanaruka. Nataka niitoe nikiwa nimesimama, nyuma ya ngumi nyepesi iliyokingwa. Mdogo wangu amesema nikiweza atahamia Classic. Krosi ya padi imeshaanza kulegea upande wa chini, kwa hiyo huenda padi mpya ikatangulia kabla ya Platinum.