Kajiko ketu ka kuni na baridi ya Njombe

Jamani Njombe mwezi wa saba sio mchezo, kajiko ketu ka kuni kenye bomba la moshi ndo kanatuokoa. Mwaka jana tulikuwa tunachoma paini mbichi, mara moshi ukaanza kurudi ndani, kumbe bomba limejaa masizi karibu linaziba, na masizi yale yakishika moto hapo nyumba huna! Sasa hivi nachoma miwati mikavu tu, bomba nalisugua mwenyewe. Dirisha naacha wazi kidogo, mama watoto ananuna eti baridi inaingia, lakini kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu, unalala mazima. Majivu yanaenda kwenye ndoo ya bati, nje, maana kaa likifukiwa linaweza kuwa moto mpaka kesho yake.