Siku moja maishani mwangu: vitufe vinne tu

Saa 2:20 asubuhi. Natengeneza programu ya huduma kwa wateja, na kazi ya leo imeandikwa kwa mstari mmoja: "Wahudumu wanaomba kuweka herufi nene kwenye maelezo ya mteja." Kisanduku tulicho nacho ni textarea ya kawaida, kinapokea maandishi matupu tu, kwa hiyo wahudumu wamejitungia alama zao: nyota tatu mbele ya jambo la haraka, na HERUFI KUBWA TUPU kwa mteja aliyekasirika.

Saa 3:00. Napitia vihariri vya maandishi vilivyo tayari. TinyMCE na CKEditor vina kila kitu hadi majedwali, na ndiyo maana sivitaki hapa. Quill au Trix ningechukua bila ubishi kama kungekuwa na picha za kupachika. Mimi nataka vitufe vinne: herufi nene, mlazo, orodha, kiungo. Naamua kuandika mwenyewe kwa contenteditable (sifa inayofanya sehemu ya ukurasa iandikike) na document.execCommand (amri ya kivinjari ya kupamba maandishi). Ndiyo, najua amri hiyo imeshatangazwa kuwa imepitwa na wakati. Lakini vivinjari vikubwa bado vinaitii, na sioni sababu ya kubeba gunia wakati ninachohitaji ni kibaba.

Saa 3:50. Nachagua neno, nabofya kitufe cha herufi nene, fomu nzima inajituma. Kosa la kizembe: kitufe kilichomo ndani ya fomu, kisipoandikiwa type="button", huhesabiwa kuwa cha kutuma. Na fomu yenyewe imetuma maelezo matupu, kwa sababu div (kisanduku cha HTML, lugha ya kurasa za wavuti) haiingizwi kwenye fomu hata ikiwa inaandikika. Naongeza sehemu iliyofichwa inayonakili kilichomo kila herufi inapoandikwa.

Kiungo ndicho kinachonichelewesha. Nikifungua kisanduku kidogo cha kuandikia anwani, kishale kinahamia huko na neno lililochaguliwa linasahaulika. Nikithibitisha, hakuna cha kugeuza kuwa kiungo. Inabidi kuhifadhi Range (kumbukumbu ya sehemu iliyochaguliwa) kabla ya kufungua kisanduku na kuirudisha baada ya kukifunga. Mistari mitatu ya msimbo, saa nzima imekwenda.

Saa 5:30. Kitufe cha Enter. Kivinjari changu kinazaa div kila aya. Naweka defaultParagraphSeparator kuwa p (alama ya aya), yameisha.

Saa 8:00 mchana. Nimemwomba dada mmoja wa huduma kwa wateja ajaribu. Dakika mbili tu, ujumbe: "Kaka, nimebandika sentensi moja kutoka kwenye ripoti na herufi zimekuwa kubwa kuliko kichwa cha ukurasa."

Nafungua kilichohifadhiwa. Sentensi ya maneno tisa imekuja na ukoo wake wote: span ndani ya span, jina la fonti, ukubwa wa herufi kwa pointi, rangi ya nyuma, darasa la Word liitwalo MsoNormal. Kwenye skrini yangu HTML hiyo inajaza dirisha zima, na maneno yenyewe inabidi uyatafute. Sasa nakamata tukio la paste, nazuia kawaida yake, nachukua text/plain peke yake kutoka kwenye ubao wa kunakilia, kisha naiingiza kwa insertText. Ningeweza kuichomeka moja kwa moja kwenye DOM (muundo wa ukurasa ndani ya kivinjari), lakini hapo Ctrl+Z huchanganyikiwa, na mtu aliyezoea kutengua hatakusamehe.

"Sasa orodha yangu imepoteza vidoti," anaandika tena. Kweli. Namwambia: dada, kitufe cha orodha kipo, ni mbofyo mmoja. Ananijibu kwa "sawa" ambayo si sawa.

Saa 9:30. Sehemu ninayoiogopa. Kuanzia leo tunahifadhi HTML iliyoandikwa na watu na kuionyesha kwa watu wengine. Siendi kupitia kihariri changu; natuma ombi moja kwa moja kwa seva likiwa na <img src=x onerror=alert(1)>, kama atakavyofanya mtu mwenye nia mbaya. Nafungua ukurasa, kidirisha cha tahadhari kinaruka: msimbo wa mgeni umetekelezwa. Kusafisha ndani ya kivinjari pekee kusingezuia hili, kwa hiyo usafi unafanyika kwenye seva: zinapita p, br, strong, b, em, i, ul, ol, li na a, sifa ni href tu, na anwani ianze na http, https au mailto. Nyingine zote zinatupwa.

Kisha nakumbuka maelezo ya zamani. Hayo ni maandishi matupu. Yakionyeshwa kama HTML, mistari yote inashikana, na aliyewahi kuandika "<haraka>" neno lake linatoweka. Naongeza safu kwenye hifadhidata inayosema kila maelezo ni ya aina gani. Ya zamani yataendelea kuonyeshwa kama matini.

Saa 10:50. Naweka role="textbox", aria-multiline na aria-label ili visoma-skrini vijue hiki ni kisanduku cha kuandikia. Nafuta kila kitu na kujaribu kutuma. Kinakubali, maana ndani imebaki <br> (alama ya kuvunja mstari) moja na ukaguzi wangu umeiona kuwa ni maandishi. Sasa napima textContent, yaani maandishi bila alama za HTML.

Saa 11:40 jioni. Imepanda kwenye seva ya majaribio. Yule dada anaandika maelezo ya kwanza: MTEJA AMEKASIRIKA SANA. Anayachagua, anayanenepesha. Halafu anarudi mwanzo wa mstari na kuweka nyota tatu.