Jinsi Nilivyoacha Kutafuta Begi Moja la Kubeba Kila Kitu

Begi langu la kwanza la kamera sikulichagua mimi. Nilipewa Kariakoo mwaka 2014 pamoja na kamera yenyewe, Canon EOS 700D yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55, na muuzaji aliliweka juu ya boksi vile vile muuza nyanya anavyomwongezea mteja mbili tatu baada ya bei kukubaliwa. Lilikuwa dogo, jeusi, lenye jina la kampuni kwa herufi nyeupe zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Lilinitosha kwa mwaka mzima, kwa sababu nilichokuwa nacho ni kamera, lenzi moja na chaja. Nalitaja kwa kuwa ndilo lililonifundisha kosa nililolibeba kwa miaka kadhaa: lilinizoesha kuamini kwamba begi la kamera ni nyumba ya vifaa vyote, na kwamba kifaa kipya kikikosa nafasi, dawa yake ni begi kubwa zaidi.

Kazi yangu kubwa ni kupiga picha upande wa wanawake. Katika mwambao, kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam na Unguja, harusi nyingi za Kiislamu huwa na shughuli ambazo mwanamume hatii mguu, na bibi harusi aliyevua mtandio hapigwi picha ila na mwanamke mwenzake. Nafasi hiyo ndiyo iliyonipatia wateja, na wateja ndio walioniletea vifaa. Kwanza nilinunua lenzi ya milimita 50 yenye uwazi mpana wa f/1.8, unaoingiza mwanga mwingi, kwa kuwa sebule zetu usiku zina mwanga hafifu wa manjano. Kisha flashi moja, halafu ya pili. Kisha kamera ya Canon 6D iliyokwisha tumika. Kisha lenzi ya milimita 24-70 na ile ndefu ya 70-200 ya kuvuta vitu vya mbali, zote mbili za f/2.8, na mwaka 2018 nikaongeza kamera ya 5D Mark IV, nikaiuza ile 700D. Anayeisoma orodha hii ataona biashara inayokua. Bega langu liliona jambo jingine.

Begi la pili lilikuwa la begani, la pembe nne kama sanduku, nililolinunua kwa sababu lilimeza kila kitu nilichokuwa nacho siku ile. Baada ya miezi minane halikumeza tena. La tatu lilikuwa la mgongoni, kubwa, lenye vigawanyio vingi na mkanda wa kiunoni, na nilipokuwa nalijaza nyumbani, kila kifaa kikipata chumba chake, nilifurahi kama mpangaji aliyepata nyumba kubwa kwa kodi ileile. Furaha hiyo ilidumu hadi shughuli ya kwanza Tanga. Begi la aina ile hufunguliwa likiwa limelazwa chini, nami nilikuwa katika sebule iliyotandikwa mikeka, wanawake wamekaa magoti kwa magoti na watoto wanapita juu ya miguu ya watu. Kila nilipotaka kubadilisha lenzi ilinibidi niombe nafasi ya kulaza begi, nivue mikanda iliyokuwa imenikunjakunja buibui, nizungushe zipu pande tatu, na kufikia hapo ngoma imekwisha koleza, wanaocheza wamesimama, na mimi nimeinama. Bibi mwenye nyumba alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umekuja kutupiga picha au unahamia?" Walicheka wote, nami nikacheka, lakini njia nzima ya kurudi Dar es Salaam nilikuwa na swali lile.

Siku iliyofuata nilikwenda na begi dukani kwa Mangi, jirani yetu, nikamwomba mzani. Kamera mbili pamoja na betri zake zilikaribia kilo 1.7. Lenzi ya 24-70 ina gramu 805, ile ya 70-200 ya toleo la pili ina karibu kilo moja na nusu, ya milimita 50 ina gramu 160 tu, na flashi zangu mbili za 600EX-RT kwa pamoja zina gramu 850 kabla hazijatiwa betri. Hapo tayari ni karibu kilo 5. Nilipoongeza kompyuta mpakato, chaja, betri za akiba, stendi ya flashi, maji ya kunywa na begi lenyewe, ambalo likiwa tupu lilizidi kilo 2, mzani ulisimama kwenye kilo 11 na nusu. Mangi alisema hata yeye asingekubali kutembea na mzigo huo bila kijana wa mkokoteni.

Kilo zenyewe ningezivumilia. Kilichoniuma ni hesabu niliyoifanya usiku ule, nilipozipitia picha za Tanga. Kamera huandika ndani ya kila faili jina la lenzi iliyotumika, na programu yangu ya kupangia picha inaweza kuzitenganisha kwa lenzi. Karibu picha zote nilizomkabidhi mteja zilitoka kwenye 24-70 na ile ndogo ya 50. Lenzi ya 70-200, nzito kuliko zote, iliyochukua nafasi kubwa kuliko zote, ilikuwa imetoa picha nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa za paka aliyekaa juu ya ukuta.

Tangu hapo nilibadilisha utaratibu. Jioni ya kuamkia kazi natandika kanga sakafuni, naweka juu yake vifaa ambavyo kazi hiyo inavihitaji na si vingine, kisha naangalia ni begi gani linalolingana na kilichopo juu ya kanga. Sebuleni naweka kamera mbili, lenzi mbili, flashi moja, betri na kadi za kumbukumbu. Ukumbini, ambako bibi harusi hukaa jukwaani mbali na wageni, 70-200 inarudi na stendi inarudi. Inaonekana jambo dogo, lakini kabla ya hapo sikuwahi hata mara moja kuacha lenzi nyumbani kwa hiari yangu; nilikuwa nikiogopa kwamba nitakayoiacha ndiyo itakayohitajika, hofu ambayo naamini imewauzia watu mabegi mengi kuliko tangazo lolote.

Begi la sebuleni nililipata Karume, kwenye mitumba, kwa shilingi 25,000. Ni la turubai la rangi ya udongo, halina umbo maalumu, na kwa nje linafanana na begi la mwalimu. Lebo yake ilikuwa Domke, na baadaye nilisoma kwamba aliyeanzisha mabegi hayo, Jim Domke, alikuwa mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer huko Marekani, na kwamba alilibuni la kwanza katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kazi yake mwenyewe. Hilo linaeleza kwa nini mfuniko wake hufunguka kwa mkono mmoja begi likiwa linaning'inia begani, jambo ambalo begi langu la mgongoni, pamoja na vyumba vyake vyote, halikuliweza. Kinga yake ya ndani ni nyembamba mno kwa barabara zetu, kwa hiyo nililipeleka kwa fundi cherehani wa Magomeni.

Fundi alikuwa hajawahi kushona kitu cha namna hiyo, na nadhani ndiyo sababu alikifanya vizuri: alinitaka nilete vifaa vyenyewe, akavipima kwa futi yake kimoja kimoja kama anayempima mteja suti. Hapo ndipo nilipojifunza kupima begi kwa ndani na si kwa nje. Lenzi ya 70-200 ina urefu wa sentimita 20 kasoro kidogo, lakini ikiwa imefungwa kwenye kamera inazidi sentimita 25, na ukiongeza kofia yake ya kuzuia jua unahitaji nafasi ambayo mabegi mengi ya begani hayana. "Dada, sasa hii inalala imevaa au imevua?" aliniuliza, na lilikuwa swali ambalo hakuna muuza mabegi aliyewahi kuniuliza. Niliamua ilale imevua. Alinikatia sponji ya godoro yenye unene wa sentimita moja, akaivika kitambaa laini, akashona utepe wa velkro kwenye ncha ili vigawanyio visogezwe. Malipo yalikuwa chini ya bei ya begi.

Sura ya begi kwa nje nayo ina uzito wake. Vishandu wa pikipiki hawana muda wa kuchunguza. Humnyakua yule ambaye begi lake limeshajitangaza. Lile la kwanza lenye herufi nyeupe, nikilikumbuka sasa nikiwa nimesimama kituoni jioni nikisubiri daladala, huona kwamba nilikuwa na bahati tu. La turubai navaa mkanda wake ukikatiza kifuani, begi likielekea upande wa ukuta na si wa barabara, na nikiwa ndani ya Mwendokasi nalileta mbele tumboni.

Mvua ilinisumbua kwa namna yake. Zamani nilikuwa nikiweka rambo mbili ndani ya kila begi, na wingu likitanda nafunika kamera na maisha yanaendelea. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania, nilifurahi kwa ajili ya mitaro yetu na nikabaki sina koti la mvua la kamera. Fundi yuleyule alikusanya kitambaa cha miavuli mibovu, akanishonea vifuniko viwili vyenye lastiki ukingoni. Kimoja ni cheusi na kingine kina maua, na wateja hukisifu kile cha maua.

Kosa langu kubwa zaidi, hata hivyo, halikutokea njiani. Wakati wa masika moja nililisukuma lile begi kubwa la mgongoni chini ya kitanda, na lenzi ya 70-200 ikiwa ndani, kwa kuwa hakukuwa na ukumbi wowote ulionialika. Nilipolitoa baada ya miezi miwili, sponji ilikuwa inanuka kama nguo zilizoanikwa ndani ya nyumba, na nilipoielekeza lenzi kwenye taa niliona ndani yake nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, sponji na kitambaa huufyonza na kuushikilia, na giza la chini ya kitanda lilimaliza kazi. Fundi wa kamera aliifungua na kuisafisha, ila alama hafifu ilibaki kwenye kioo kimoja. Huonekana nikipiga picha kuelekea dirishani.

Ajabu ni kwamba kinga niliyoihitaji nilikuwa nayo tayari, na nilikuwa nimeihesabu kuwa hasara. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilinunua Pelican 1510 iliyotumika, kasha gumu lenye magurudumu na mpira unaozuia maji kwenye mfuniko, nikitarajia kusafiri nalo. Lina zaidi ya kilo 5 likiwa tupu. Nilipopata kazi ya maharusi waliotaka picha Serengeti, waandaaji walinieleza mapema kwamba ndege ndogo za kwenda mbugani huruhusu kilo 15 kwa abiria, mkoba wa mkononi ukiwemo, na kwamba mizigo iwe katika mifuko laini inayoweza kubonyezwa ikaingia kwenye nafasi ya mizigo. Theluthi ya kilo zangu zingekuwa za kasha lenyewe, na lisingekubali kubonyezwa hata likipigwa teke. Nilisafiri na begi la turubai na kikoi cha kufunikia kamera dhidi ya vumbi, na kasha likabaki chumbani kama stuli.

Baada ya kisa cha kuvu nililisafisha, nikaweka ndani kipima unyevu na chembechembe za silika zinazofyonza unyevu, na sasa vifaa vyote hukaa humo siku zisizo na kazi, unyevu ukiwa kati ya asilimia 40 na 50. Silika zikibadilika rangi nazikausha kwa moto mdogo kwenye sufuria kuukuu ambayo haipikiwi tena chakula, na mama ameshaonywa asiiguse. Mabegi yenyewe hubaki matupu, yametundikwa msumarini, zipu wazi, yakipigwa na upepo.

Lile la mgongoni sikuliuza. Lilinifaa nilipoitwa Mwanza, ingawa pale uwanjani mhudumu alipolipima kwa ajili ya kuingia nalo ndani na kukuta limezidi kilo 7, aliniambia lishushwe kwenye shehena. Ndani yake kulikuwa na betri sita za akiba za LP-E6N. Kila moja ina wati-saa 14 tu, chini kabisa ya kikomo cha 100, lakini kanuni za usafiri wa anga hazikubali betri za akiba za lithiamu kushuka kwenye shehena hata zikiwa ndogo namna gani. Nilizitoa mbele ya foleni nzima, nikazitia kwenye pochi, nikaning'iniza kamera mbili shingoni, nikaifunga 70-200 ndani ya kanga na kuipakata kama mtoto mchanga. Mwanamke aliyekaa jirani yangu ndani ya ndege aliniuliza ana miezi mingapi.

Sasa betri za akiba zina kifuko chao chekundu chenye kamba, juu kabisa ya chochote ninachosafiri nacho, na kila betri imefunikwa kifuniko chake cha plastiki ili vyuma vyake visigusane na funguo au sarafu. Stendi za flashi ndizo ambazo bado hazijapata makazi ya kuridhisha. Nazifunga ndani ya mkeka mdogo, na katika shughuli za Unguja mkeka huo huishia kukaliwa na wageni. Zipu ya begi la turubai nayo imeanza kushika kutu kwa chumvi ya baharini, baada ya safari nyingi za boti. Fundi ameniambia nimpelekee Jumatatu, na ameniomba safari hii nihakikishe nimetoa kila kitu, kwa sababu mara ya mwisho alishona mfuko mzima kukiwa na kadi ya kumbukumbu ya mteja ndani yake.