Tulikuwa Haturudi Nyuma

Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka maegesho ya duka la dawa, kioo cha dashibodi kinachora mistari yake ya kijani na nyekundu, kengele inalia ti-ti-ti kama kifaranga aliyepotea, mara mwanangu wa pili, muulizaji wa nyumba, akatoa kichwa katikati ya siti.

"Baba, kabla ya kamera, Babu alikuwa anarudije nyuma?"

"Alikuwa harudi," nikamjibu.

Akacheka. Mama yake naye akacheka. Nikawaacha wacheke, maana kuwaeleza kungenilazimu nianzie kwenye karatasi la sigara, na hilo sijawahi kumweleza mtu.

Sasa nawaeleza ninyi.

Lile Foksi, Volkswagen ya baba yangu, Mwalimu, mnalijua, nimeshalisema mara nyingi humu. Mgongo wa chura, la 1973, rangi ya maziwa yaliyoingia moshi. Mwalimu alilinunua likiwa tayari na wenyewe wawili nyuma yake, na alilipenda kwa namna ambayo Mama alikuwa akiitaja kila alipotaka kitenge kipya. Alikuwa na hoja zake. Akikaa na wenzake barazani alikuwa anawahesabia kwa vidole miaka ambayo gari la aina hiyo lilichukua Safari Rally: 1954, 1957, 1962. Anayebisha anaonyeshwa kidole cha tatu, kile cha 1962, kinabaki hewani mpaka akubali.

Katikati ya 1997 taa za rivasi zikakataa. Wala si jambo la kumnyima mtu usingizi. Nusu ya magari ya Morogoro wakati ule yalikuwa hayana hata taa za breki. Lakini Mwalimu ni mtu wa Hisabati, kitu kilichoandikwa kuwa kipo lazima kiwepo. Akafungua boneti ya nyuma, kwenye injini, akapapasa kando ya koili, akatoa fyuzi. Mnaojua magari yale mnaikumbuka: kipande kama risasi ndogo, mgongoni kina utepe mwembamba wa bati. Utepe umekatika. Akanipa hela, akanipa na ile iliyokufa niende nayo dukani kama mfano.

"Ampea nane," akasema. "Rudia."

"Ampea nane."

Nilikuwa kidato cha kwanza. Kati ya nyumbani na duka la spea kulikuwa na banda la video, na siku ile ubao wa nje ulikuwa na picha ya Mchina amerusha miguu yote miwili hewani. Mengine mnaweza kuyajaza wenyewe. Nilipotoka mle jua lilikuwa limeshainama upande wa Mindu, mfukoni nina fyuzi iliyokufa na deni. Mlangoni mwa banda palikuwa na pakiti tupu ya Sportsman. Nikachomoa lile karatasi la fedha, nikalisugua kwenye goti mpaka likanyooka, nikaizungushia fyuzi. Mara mbili, tatu, nikabana ncha kwa meno. Nilifika nyumbani nikaipachika mwenyewe kwenye kijumba chake kabla hajaja kuangalia. Akaingia ndani ya gari, akafungua swichi, akabonyeza kirungu cha gia chini, kushoto, nyuma. Taa zikawaka mbili, nyeupe, safi.

"Umeona?" akaniambia. "Kitu kidogo tu."

Kisha zikaja zile mvua. Mnaokumbuka El Nino mnakumbuka. Kuanzia Oktoba mpaka mwaka ukageuka hatukuona kitu kikakauka. Na ndani ya mvua hizo Foksi likaanza tabia. Linawaka vizuri, linakwenda mbele vizuri, gia zote nne zinaingia. Ukiliwekea rivasi tu, linazima. Papo hapo, kama mtu aliyezibwa mdomo. Likizima linaacha harufu kidogo ya mpira ulioungua, harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati la nailoni. Ukilitoa gia ukaliwasha, linawaka. Ukirudia rivasi, linazima.

Siku nyingine halikuzima, na hilo ndilo lililowachanganya mafundi.

Wa kwanza akapandisha silensa, ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, mpaka gari likawa linanguruma kama linataka kupaa. Likazima vilevile. Wa pili akabadilisha pointi na plagi. Wa tatu alikuwa na gereji bubu chini ya mwembe kule Mji Mpya, jamaa mwembamba mwenye sauti ya upole, na huyo nitawaomba mmkumbuke. Alisikiliza, akajaribu mwenyewe mara nne, akasema klachi haiachi. Ukiingiza gia injini inabebeshwa gari zima, ndiyo maana inakufa. Ni jibu la mtu mwenye akili, kwa mtu asiyejua kilichokuwa ndani ya kile kijumba cha fyuzi. Injini ya Foksi inashikwa na boliti nne tu, mchana hawajala walikuwa wameshaishusha. Pleti ya zamani kweli ilikuwa imelika. Akaweka mpya, akabadilisha na kebo. Mwalimu akalipa na akaandika kwenye daftari lake la matumizi, KLACHI, akapiga mistari miwili chini yake.

Siku mbili gari likarudi vizuri, sijui kwa nini, labda jua lilitoka. Siku ya tatu likazima.

Basi tukajifunza kuishi bila kurudi nyuma. Uwanja wetu unainama kuelekea barabarani, kwa hiyo Mwalimu alikuwa anapanda na kusimamisha pua ikielekea mlimani. Asubuhi anaweka huru, anaachia breki ya mkono, gari linateremka lenyewe kinyumenyume kimyakimya, mimi na kaka tuko nyuma tunapiga kelele: "Njoo! Njoo! Kushoto! Kushoto baba!" Kanisani alikuwa anafika kabla ya kengele apate mahali pa kutokea kwa mbele. Sokoni alikuwa hana ujanja, ilibidi vijana wasukume. Walituzoea. "Shikamoo Mwalimu, rivasi imeamkaje leo?" Naye anashuka kulipa, uso mkavu, mtu mzima aliyefundisha nusu ya mji ule kutoa hasi kwa hasi.

Na mimi? Naapa sikuunganisha. Mtu wa miaka kumi na minne haunganishi karatasi la sigara na klachi. Au niseme hivi: sikutaka kuunganisha, na nilikuwa hodari wa kutotaka.

Januari 1998 shemeji yake Mwalimu akaja na mzee mmoja, fundi rewaya, yaani wa umeme wa magari, mtu wa magari ya serikali enzi zake, ameshastaafu. Alikuja kwa baiskeli, begi la vitambaa limening'inia kwenye usukani. Mvua ilikuwa imekata kama nusu saa, magharibi inaingia, Uluguru yote imevaa ukungu kuanzia kiunoni. Hakufungua begi. Alikaa kwenye kigoda akauliza.

"Ukiingiza namba moja, linazima?"

"Hapana."

"Mbili? Tatu?"

"Hapana. Rivasi peke yake."

"Kanyaga klachi mpaka chini, usiiachie. Weka rivasi."

Mwalimu akakanyaga, akabonyeza, akavuta. Injini ikafa mguu ukiwa bado sakafuni.

Yule mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake likitajwa mbali. "Hiyo siyo klachi," akasema. "Hiyo ni taa."

Nilihisi masikio yananipata moto.

Akanyanyuka, akafungua boneti ya nyuma, akaniita nishike tochi. Kwanza akanionyesha koili. Ule waya ule, akasema, unaoleta umeme wa kuwashia injini, hapohapo kwenye kichwa cha koili Wajerumani wamechomeka na waya wa taa za rivasi. Unashuka mpaka kwenye swichi iliyoko puani mwa giaboksi. Ukiweka rivasi, chuma cha gia kinasukuma kipini cha swichi, umeme unapita, unarudi huku nyuma, unakwenda kwenye taa. Sasa taa na injini wanakula sahani moja. Mmoja akiimwaga, wote wanalala njaa. "Ndiyo maana," akasema, kidole chake kikiwa kinatambaa juu ya waya kutoka kwenye koili, "wakaweka mlinzi hapa, akatike yeye, injini ibaki."

Kidole kikafika kwenye kijumba cha fyuzi.

Hapa ndipo ninaporudi kila ninaposikia harufu ya waya. Tochi ilikuwa ya betri mbili, mwanga wake wa manjano kama chai ya rangi, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka hata kivuli cha koili kikawa kinacheza ukutani mwa injini. Matone yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mpera. Mwalimu alikuwa mbele kule, amekaa kwenye usukani, dirisha wazi, anasubiri kuambiwa. Yule mzee akabana kijumba kwa vidole viwili, akakizungusha, kikafunguka. Karatasi la fedha likameta. Miezi yote ile lilikuwa limeungua pembeni, limeingia weusi, lakini katikati lilikuwa bado linang'aa kama jana, na juu yake, nawaambia, ilionekana alama ya meno yangu.

Aliitazama. Akaisogeza karibu na tochi, ambayo ni kusema karibu na mimi. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayesoma namba ya gari linalopita. Sikumbuki ilichukua muda gani. Nakumbuka kwamba chura mmoja alianza kulia kwenye mtaro, akaacha.

"Vipi fundi?" Mwalimu akauliza kutoka mbele.

"Fyuzi, Mwalimu," mzee akasema, sauti yake ileile. "Fyuzi imechoka."

Akalitia lile karatasi kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Yaliyobaki yalikuwa mafupi. Alifuata waya mpaka kwenye madigadi ya kushoto, pale unapopenya bati kwenda kwenye taa. Ule mpira wa kuzuia waya usisuguane na bati ulikuwa umeoza na kudondoka, waya umejisugua miaka mpaka shaba ikatoka nje. Kukiwa kukavu shaba inakaa mbali na bati. Mvua ikinyesha, au gari likitikisika, vinashikana. Ile fyuzi ya kwanza ilikufa kwa sababu hiyo, ilikuwa inatuambia. Akakata, akaunga, akazungushia solotepu, akapitisha ndani ya kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Fyuzi ya ampea nane alitoa kwenye begi lake mwenyewe na hakuiandika kwenye hesabu.

"Washa. Weka rivasi."

Injini ikaendelea kuguguma. Nyuma kukawa kweupe ghafla, matone yote kwenye ua wa michongoma yakawaka, na Mama, aliyekuwa anatoka jikoni na sufuria, akajikuta kasimama katikati ya mwanga amejikinga macho kwa mwiko. Mwalimu akarudi nyuma futi kumi, akaenda mbele, akarudi tena nyuma. Alirudi nyuma na mbele kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Yule mzee alipokuwa anafunga begi lake kwenye baiskeli nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kusema kitu. Yeye ndiye aliyesema: "Waya ungeshika moto, mwanangu. Betri liko chini ya siti mnayokalia." Basi. Akapanda, akaenda.

Foksi liliuzwa 2004. Mnunuzi aliambiwa klachi ni mpya.

Jumapili, baada ya lile swali la mtoto, nilimpigia Mwalimu. Sikio la kulia halisikii vizuri siku hizi, kwa hiyo mazungumzo yetu ni ya kupiga kelele, mambo ya siri hayafai. Nikamuuliza kama anakumbuka taa za rivasi.

"Nikumbuke nini? Yule mzee alikuwa fundi! Dakika arobaini! Fyuzi tu!" Halafu, kabla sijapata pa kuingilia: "Siyo yule mwizi wa Mji Mpya. Klachi nzima kanibadilishia, klachi nzima! Niliwaambia watu wote, shuleni, kanisani, pale ni kwa mwizi. Hakukaa mwaka akafunga, akaenda zake sijui Kilosa."

Hiyo ya kufunga nilikuwa siijui. Miaka yote nilidhani deni langu ni la hela ya fyuzi, na mdai ni baba yangu.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, baba."

"Mwizi kabisa yule."

Nyuma yake nilisikia redio, na mtu anapiga hodi. Nikasema ndiyo baba, nikamsalimia Mama, nikakata simu. Mtoto alikuwa mlangoni anataka kujua kama Babu amesema alikuwa anarudije.